Hewa ya Timboroa

Kambi Muru, Kibera
11 Februari 1996

Kwa Baba Annet,

Amani iwe nanyi huko Kawangware. Mimi nakula, nalala, na akina mama wa kanisa wananishika kama yai. Annet alinitembelea Jumamosi na daftari lake la hesabu. Anajua, ila saba yake inafanana na moja. Mwambie aikate mstari katikati. Mwanangu Isaac yuko salama Mombasa na kazi ya bandarini inaendelea.

Utashangaa kupata barua yangu. Tangu umwoe Nelima tumesalimiana kupitia kwake tu, jinsi desturi yetu inavyotaka. Mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Ndiyo sababu nilipokuja Nairobi kutibiwa mgongo nilipanga chumba hapa badala ya kuja kwenu, na Nelima hunipitia akitoka kwenye kibanda chake cha nguo Soko la Toi. Lakini amechoka kutubebea maneno. Juzi alisema, "Mama, mimi si posta. Nyinyi wote mlisoma." Nimeona ana haki. Desturi ilikataza macho, haikutaja kalamu.

Jambo lenyewe ni Pijo ya marehemu mume wangu, ile ya nyuma ndefu, iliyo kwenye gereji yenu tangu injini yake ipasuke. Najua Isaac amekutumia injini nyingine, ya Kijapani. Nataka gari hilo linipeleke nyumbani Chwele. Safari ya basi siiwezi tena, mgongo hautaki kukaa. Nyuma ya Pijo naweza kulala kwenye godoro. Watu wetu wengi hurudi nyumbani ndani ya jeneza juu ya basi, wamefungwa kamba pamoja na makochi. Mimi nataka kurudi ndani ya gari, nikiuliza tumefika wapi.

Nelima anasema injini ilikuja bila kompyuta. Nilifundisha wasichana fizikia mpaka nikastaafu. Nieleze, wala usinifupishie kwa sababu ya umri.

Mimi,
Nasambu, mama yake Nelima


Kawangware
25 Februari 1996

Mama,

Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili, hata kama aliyenipa ni Nelima na alikuwa anacheka. Huku tuko wazima. Annet sasa anakata saba zake zote, amekata hata zile za kalenda ya ukutani. Namshukuru Mungu kwamba mgongo unakupa nafasi ya kuandika.

Nitaeleza nilivyofundishwa polytechnic na nilivyoona kazini. Injini ya zamani ya Pijo ilikuwa na kabureta, ikivuta petroli yenyewe. Hii ya Kijapani hurushiwa petroli na sindano ndogo, na kompyuta ndiyo inaamua zirushe kiasi gani. Ni kisanduku cha bati, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa. Hakioni kitu. Kinategemea habari kinazoletewa na nyaya: maji yana joto gani, injini inazunguka kasi gani, na zaidi ya yote, hewa kiasi gani inaingia.

Hapo ndipo kuna shida. Injini hii ilitengenezewa kompyuta za aina mbili. Ya kwanza hupima hewa kwa sanduku lenye kimlango ndani. Hewa ikipita inakisukuma. Ya pili haina kimlango. Ina sensa ndogo iliyounganishwa na injini kwa mpira mwembamba, inasoma shinikizo. Kompyuta ya aina moja haielewi habari za sensa ya aina nyingine. Na injini yetu ilikatwa nyaya zote huko ilikotoka, kwa hivyo ni lazima nichague moja na kila kitu chake.

Githinji, anayeuza spea hapa sokoni, amepata ile ya kimlango. Nilimuuliza maswali mpaka akakasirika.

"Fundi, hii soketi inaingia ama haiingii?"

"Inaingia."

"Basi unataka nini tena, harusi?"

Vijana wote wa gereji wakanicheka. Nimeichukua. Ile ya pili sijaiona popote Nairobi. Kabla ya Pasaka gari litakuwa tayari, Mama. Godoro Nelima ameshapima.

Mkwe wako,
Wakoli


Kambi Muru
10 Machi 1996

Kwa Baba Annet,

Salamu nyingi. Mvua imeanza kuonja mabati, na jirani yangu Nanyama amechimba mtaro mbele ya mlango wangu ili maji yasinitembelee. Nelima amekwenda Chwele kupanda mahindi na kuitengeneza nyumba yangu, kwa hivyo barua hii italetwa na Nanyama akija kuona dada yake huko kwenu. Yeye huenda anapotaka.

Nimefurahia maelezo yako kuliko nilivyotegemea. Niliyasoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea, na sikuitumia. Umesema Pasaka. Pasaka ni vizuri. Nisingependa ipite sana.

Afya yangu ni ile ile.

Nasambu


Kawangware
20 Aprili 1996

Mama,

Pole kwa kimya. Barua yako ilinifikia mwezi huu ukiwa umeanza. Nanyama alizuiwa na matope. Tunamshukuru Mungu kwa mvua, hata kama gereji yetu imekuwa shamba la mpunga. Annet alikuwa na homa, imeisha. Nelima ametuma habari kwamba mahindi yameota na ukuta wa jikoni kwako umekandikwa upya.

Pasaka imepita na sikukupeleka. Gari linawaka. Linatembea vizuri hapa Kawangware na hata barabara ya Ngong. Kuna vitu vidogo namalizia. Naomba uvumilivu kidogo.

Mkwe wako,
Wakoli


Kambi Muru
28 Aprili 1996

Kwa Baba Annet,

Namshukuru Mungu kwa homa iliyotoka. Mimi naendelea kushikwa kama yai, ila sasa ni yai la kupasuka.

Barua yako ilikuwa fupi, na bahasha ilikuwa na alama ya kidole gumba cheusi. Nimeinusa. Hiyo si grisi, ni masizi. Nilisahihisha mitihani miaka mingi, na mwanafunzi anayejua jibu haandiki "vitu vidogo".

Nimekaa na fumbo lako kitandani, maana kitanda ndiyo ofisi yangu siku hizi. Nakuuliza hivi. Kimlango chako kinasukumwa na hewa, sawa. Je, kinajua hewa ile ina uzito gani? Nairobi iko juu kuliko pwani na hewa yake ni nyepesi. Timboroa iko juu zaidi, na sisi lazima tupite Timboroa ili tufike kwetu. Hewa ikiwa nyepesi, kimlango kitafunguka kama kawaida, kompyuta itadhani hewa ni ile ile, na sindano zitarusha petroli nyingi kupita haja. Gari litatoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani. Nadhani umeshaona moshi huo.

Nadhani tena kwamba umegusa kitu ndani ya sanduku ili gari litulie hapa. Ukilipima kwa Kawangware, halitakuwa sawa Timboroa. Ukilipima kwa Timboroa, litakosa petroli Chwele. Lakini ile aina ya pili, inayosoma shinikizo, itasoma hewa ya mahali ilipo, popote ilipo.

Kama nimekosea, nisahihishe. Kama sijakosea, niandikie ukweli. Sikuulizi ili nikulaumu. Umeunda gari kwa ajili ya mwanamke ambaye huruhusiwi kumtazama. Hilo peke yake nalishukuru.

Nasambu


Kawangware
9 Juni 1996

Mama,

Salamu kutoka kwetu sote. Nelima amerudi, mweusi kwa jua la shamba. Wanafunzi wako wa zamani wanamsimamisha njiani Chwele kuuliza Mwalimu anarudi lini.

Hukukosea hata mahali pamoja. Ndani ya sanduku la kimlango kuna springi. Niliikaza kidogo kidogo mpaka gari likatulia hapa. Halafu kabla ya Pasaka nililijaribu kwa kupanda Limuru. Mlimani lilianza kukohoa. Watoto walikimbia nyuma yetu kwenye moshi wakiimba "Lori! Lori!" Nilifungua plagi zinazowasha petroli, zikatoka nyeusi kama mkaa wa jiko. Nilirudi, na Pasaka ilipopita nikaandika ile barua ya kidole. Nilichagua kompyuta kwa sababu soketi yake iliingia. Niliona haya kukwambia, kwa sababu ulikuwa umeniuliza kama mtu anayeuliza fundi wa kweli.

Halafu Nelima aliporudi alinikuta nimelala chini ya gari. Hakusalimia. Alikaa kwenye tairi akaniambia kile daktari alikwambia Januari, na kwamba ulimkataza kuniambia. Mama, nilibaki chini ya gari muda. Niliona ni bora kubaki huko.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mzee Ng'ang'a, mwenye ploti hii yetu ya gereji. Nyuma ya nyumba yake kuna gari lililogongwa zamani, na kuku hutaga kwenye kiti cha nyuma. Nimepita hapo kila siku. Injini yake imeshauzwa, lakini nilijua ilikuwa ndugu ya yetu, na siku hiyo nilipiga magoti nikachungulia chini ya dashibodi. Kompyuta ilikuwepo. Aina ya pili, ya gia za mkono kama zetu, na ile sensa ya mpira mwembamba bado imening'inia.

"Hiyo gari si ya kuuza," akasema Mzee nyuma yangu. "Kila fundi wa Kawangware nimemfukuza hapo."

"Mzee, sitaki gari. Ni kompyuta tu, na sensa, na waya zake."

"Ya kazi gani?"

"Ya kumpeleka mama mkwe nyumbani."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akamwita mkewe. "Wanja! Wanja, kuja usikie maajabu! Watu wanatoroka mama mkwe, huyu anamtafutia kompyuta!"

Mkewe akatoka na mwiko mkononi. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Ni mgonjwa?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo.

Mzee akaokota kofia, akaifuta kwa goti. "Mama ya huyu Wanja ndiye alitupatia mahali pa kulima, wakati hatukuwa na kitu. Mimi nilikuwa nampita mbali na heshima zangu, nikiangalia chini. Alikufa nikiwa bado naangalia chini. Hiyo asante niko nayo mpaka leo." Akanionyesha gari kwa kidole. "Toa. Toa yote. Lakini ukisumbua kuku wangu tutakosana."

Sikukata waya hata mmoja. Nilizifuata kwa mkono kutoka kwa kompyuta mpaka mbele, nikazitoa nzima kama mtu anatoa mizizi ya mche. Kuku mmoja alinitazama kazi yote bila kushuka.

Jana nilipanda tena Limuru, nikaenda mpaka Uplands, kwenye baridi. Hakuna kukohoa. Nilisimama kando ya barabara nikafungua plagi. Rangi ya chai ya maziwa, zote, dalili kwamba petroli inaungua sawasawa. Nilitaka kukimbia nikuonyeshe, nikakumbuka.

Sasa limebaki moja na silijui kulitatua. Nelima hajui kuendesha. Isaac hapewi likizo. Naweza kutafuta dereva, lakini gari hili sauti yake bado naijua mimi peke yangu. Na mimi ni mkwe wako.

Wakoli


Kambi Muru
16 Juni 1996

Kwa Baba Annet,

Nimekuwa nikicheka na kulia kwa zamu, na Nanyama anadhani ni dawa.

Nimsalimie vipi Mzee Ng'ang'a? Mwambie kwamba mwalimu mmoja mzee, ambaye hamjui, anamwombea yeye na kuku wake wote.

Kuhusu daktari, Nelima alifanya vizuri kusema. Nilificha kwa sababu nilitaka utengeneze gari la abiria, si gari la mgonjwa. Fundi akiambiwa kuna mtu anakufa, mikono hutetemeka. Wewe mikono yako ilihitajika.

Kuhusu dereva, nilimwita shemeji yangu mzee Wanzala, anayekaa hapa Makina, aliyekuwa akipatanisha watu wa ukoo wetu. Alifikiri sana, akanywa chai yangu yote, akasema, "Mama Nelima, kilichokatazwa ni nyuso. Yeye atatazama barabara na wewe utatazama paa. Ni nani amevunja nini?" Kisha akaomba chai nyingine.

Kwa hivyo utaniendesha wewe. Panga siku. Nisingependa ipite sana.

Nasambu


Kawangware
23 Juni 1996

Mama,

Nimemwambia Mzee Ng'ang'a. Alienda nyuma ya nyumba akakaa huko, halafu mkewe akaleta mayai ya safari, tray nzima.

Tutaondoka Jumamosi asubuhi, barabara ikishakauka umande. Nelima na wanawake wa kanisa watakuingiza nyuma kwanza. Mimi nitasimama kwenye duka la kona, nikiangalia ukuta. Nikisikia mlango wa nyuma umefungwa nitakohoa mara mbili, nije. Kioo cha ndani nimekigeuza kitazame juu, nikakikaza na screw kisirudi hata gari likiruka shimo. Vya pembeni vinanitosha. Ukitaka kusimama, mwambie Nelima. Akiwa amelala, gonga bati.

Mama, nimeendesha watu wengi. Sijawahi kuogopa abiria hivi.

Wakoli


Chwele
21 Julai 1996

Kwa mkwe wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mahindi yamefika kifuani, ukuta wa jikoni haujapasuka, na kila asubuhi wananitoa na kiti mpaka barazani, mahali ninapoona kaburi la Baba Nelima na barabara nzima ya kwenda sokoni. Wanafunzi wangu wa zamani wanakuja, wengine ni nyanya wenye wajukuu sasa. Mmoja ameniletea kuku. Nilikataa achinjwe, kwa heshima ya kuku wa Kawangware. Nelima ananishikia karatasi isiteleze, lakini maneno ni yangu.

Nina mambo ya kukwambia, na muda wa kuyapamba sina.

La kwanza ni la safari. Ulisafiri siku nzima ukijua kwamba siwezi kukuona, na ni kweli, sikuona uso. Nilikiona kisogo chako. Nakijua sasa kuliko ninavyojua ramani ya wilaya hii. Kina kovu dogo upande wa kushoto, na unapobadilisha gia ya mlima, masikio yako husogea. Kila tulipopanda nilitazama masikio. Yalipotulia, nami nilitulia.

Pale Timboroa ulisimamisha gari ghafla, ukashuka, ukaenda nyuma. Nelima alikuwa amelala fofofo na mdomo wazi. Nilijua mashine imekataa. Nilianza kujiambia kwamba Timboroa si mahali pabaya, kuna miti na baridi safi. Kisha nikakusikia. Umesimama kando ya barabara, umeligeuzia gari mgongo, unauambia msitu kwa sauti ya mhubiri: "Nyinyi miti! Mwambieni Mama hakuna moshi! Hakuna hata kidogo!"

Nami nikaliambia paa, "Mwambie fundi nimesikia." Sijui kama ulisikia. Uliporudi kwenye usukani masikio yalikuwa yakitikisika, na nikajua unacheka au unalia.

La pili nimelibeba kwa miaka, na Mzee Wanzala angelijua angerudisha chai yangu. Mimi nimewahi kukuona. Uso wako, wote. Ilikuwa mwaka ambao Annet alianza shule. Nilikuja Nairobi kwa mkutano wa walimu, nikaenda Soko la Toi kumtafuta Nelima kibandani kwake. Kabla sijafika nikasikia mtoto akiita "Baba!" kwa sauti ninayoijua. Ningegeuka niondoke. Mama mkwe mwenye adabu angegeuka. Mimi niliingia katikati ya makoti ya mitumba yaliyoning'inizwa, nikatazama kupitia mkono wa koti.

Ulikuwa umepiga magoti kwenye vumbi ukimjaribisha Annet viatu. Ulibonyeza ncha kwa kidole gumba kuona kama kuna nafasi ya kukua. Ukamtembeza, ukamrudisha, ukabonyeza tena. Muuzaji alikuwa akikuchokoza: "Mzee, ni viatu ama ni ndege unanunua?" Ukamjibu, "Wewe subiri. Huyu ndiye atavaa, si wewe." Mlipomaliza, ulivua kiatu chako mwenyewe, ukatazama soli yake iliyotoboka, ukakivaa tena, ukamshika mtoto mkono mkaenda. Hukujua kuna mtu. Mwenye makoti alidhani mimi ni mwizi.

Nilirudi hapa Chwele nikamwambia Baba Nelima, wakati huo akiwa hai, "Binti yetu yuko mahali pazuri." Akauliza nimejuaje. Nikasema Nelima amenieleza. Yeye alikufa na amani hiyo, na wewe ndiye uliyempa, na hakuna aliyekwambia. Ningeweza kukwambia. Niliiacha desturi iwe kisingizio, kwa sababu kushukuru kunahitaji mtu asogee karibu, na mimi nilizoea kusimama ubaoni.

Basi nashukuru. Kwa viatu vile. Kwa Nelima, ambaye hajawahi kurudi kwangu usiku akilia. Kwa kukubali kwamba kompyuta ya kwanza haikufaa, na kwa kuingia chini ya dashibodi ya gari lenye kuku kutafuta ya pili. Nilipita Timboroa nikiwa hai, nikiuliza tumefika wapi.

Mtakapokuja tena mtanikuta, au hamtanikuta. Nikiwa sipo, usisimame mbali kwenye uzio kama wakwe wasimamavyo msibani. Nimeshamwambia Wanzala, na nimeshawaambia wazee wa hapa. Ingia mpaka ndani, unitazame bila haraka. Mimi zamu yangu nilishaichukua, kwenye makoti ya Toi.

Na ile screw ya kioo, itoe. Rudisha kioo mahali pake. Abiria watakaolala nyuma baada yangu ni wanao, nao wanataka kutazamwa.

Nimefika, Wakoli. Asante.

Mama yako,
Nasambu